"Kwani wewe ni meli, mamangu?"

Nyota moja, na hiyo moja ni ya mahamri.

Nianze na swali nililoulizwa pale Likoni, kwenye hicho wanachokiita mnara wa taa wa kulala wageni, maana sitaki mwenzangu mwingine akaulizwe kabla hajajiandaa. Usiku, kitu kama saa nne. Taa ya juu ya mnara imezimika ghafla. Nimeshuka na khanga begani, nimemkuta kijana wa zamu kwenye kiti cha plastiki anatazama mpira kwenye simu. Nikamwambia, mwanangu, taa imezimika. Hakuinuka. Hata sauti ya simu hakupunguza. Alinitazama, akautazama mnara, akanirudia mimi: "Kwani wewe ni meli, mamangu?"

Wallahi nilikosa la kusema, mimi ambaye kwetu nikinyamaza watu huuliza kama naumwa. Mume wangu alikuwa nyuma yangu kwenye ngazi, nikamsikia anacheka kwa pua. Naye ana yake, tutayamaliza nyumbani.

Najua wako watakaosema, ah, taa tu hiyo, ungelala. Hawanijui. Mimi ni mgonjwa wa minara ya taa, na si wa leo. Watu wa Mombasa wakisema twende Lighthouse wanamaanisha mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, madafu, achari, na kukaa pale Mama Ngina kutazama meli zikiingia Kilindini. Mnara wenyewe wa Ras Serani hakuna anayeuangalia. Mimi nilikuwa yule mtoto anayekula mihogo huku amewapa wenzake mgongo. Baadaye nikafika Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, ambako mnara umesimama tangu mwaka 1904. Nyumba ya mtunza taa wameigeuza kituo cha wageni, na mnara wenyewe unaruhusiwa kuupanda. Nilifika juu magoti yakinitetemeka, upepo unataka kuninyang'anya mtandio, nikaapa kwamba siku moja nami nitakuwa na wangu.

Wanaocheka wacheke. Kuna watu wanayo. Marekani walipitisha sheria mwaka 2000: mnara ambao serikali haiuhitaji tena hutolewa bure kwanza kwa halmashauri au jumuiya itakayoutunza, wakikosekana hao unapigwa mnada na yeyote mwenye pesa zake anaununua. Watu wamenunua hadi minara iliyosimama katikati ya maji, haina ua wala barabara, unaifikia kwa mashua. Na hapa mwenye nyumba wa Likoni, kama unasoma, tega sikio: taa ikiwa bado inaongoza vyombo, mnunuzi hana ruhusa ya kuizima. Kuta ni zako, ngazi ni zako, ila walinzi wa pwani wana haki ya kuingia kuishughulikia taa yao, na wanunuzi wanakubali wakijua. Uingereza mtunza taa wa mwisho aliondoka mnara wa North Foreland mwaka 1998, kazi ikabaki kwa mitambo, na nyumba kadhaa za watunza taa siku hizi zinakodishwa kwa watu wa likizo. Kwa hiyo nilipoona tangazo la kulala ndani ya mnara wa taa, hapahapa kwetu, ng'ambo ya feri tu, nilituma pesa usiku uleule. Bei ya chumba cha hoteli ya ufukweni, na diposti juu.

Ilikuwa muda kidogo baada ya Idi. Tumevuka na mabegi yetu, tumepanda tuktuk kuelekea upande wa Shelly, geti limefunguliwa. Ni tangi la maji.

Sitanii. Nguzo nene ya zege, vyumba viwili vimebanwa katikati, tangi juu, nje wamepaka mistari myekundu na myeupe kama soksi za timu ya mtaani. Minara ya kweli hupakwa mistari ili nahodha autambue mchana kila mmoja kwa mchoro wake. Huu umepakwa ili utoke vizuri kwenye picha. Na juu kabisa, ndani ya kibanda cha vioo, wamefunga zile taa za rangi za ukumbi wa harusi.

Nikampigia mwenye nyumba. Sauti tamu, kila sentensi ina madam. "Madam, si ni mnara? Na si una taa? Sasa hapo kimepungua nini?"

Kimepungua nini! Basi nikamweleza, na nitaieleza hapa tena maana yeye alikata simu. Taa ya mnara si ukubwa wa balbu. Ni Mfaransa, Augustin Fresnel, aliyepanga vipande vya kioo duara ndani ya duara hadi mwanga mdogo uliokuwa ukitawanyika ovyo ukakusanywa na kutupwa mbali baharini. Lenzi ya namna hiyo iliwashwa kwa mara ya kwanza katika mnara wa Cordouan, huko Ufaransa, mwaka 1823. Zile kubwa zilizokuja baadaye zilielea juu ya zebaki, kioo cha uzito wa tani, na bado mtu angeweza kuzizungusha kwa mkono mmoja. Halafu kila mnara una mwendo wake. Mmoja utamweka mara mbili kila sekunde kumi, jirani yake mara tatu kila sekunde ishirini, na nahodha gizani anahesabu, anaangalia kitabu chake, anajua hapa ni wapi. Nilimuuliza mwenye nyumba taa yake ina mwendo gani. Akaniambia ina miendo kumi na sita, iko kwenye rimoti.

Kumi na sita. Na yote ni nyekundu, kijani, buluu, zambarau, inaelekea baharini, mahali ambapo meli zinapita kwenda bandarini! Hizo rangi mbili za kwanza si mapambo kwa mtu aliye kwenye maji. Huku kwetu meli ikiingia kutoka baharini, alama nyekundu inaiacha kushoto na ya kijani kulia. Marekani wamegeuza, huko nyekundu ni kulia, lakini hata wao hawana zambarau.

Lakini haki ya mtu nisiile. Chumba cha juu kina dirisha la duara, na ukilala ubavu wa kushoto unaona bahari tupu, hakuna paa la mtu wala waya wa stima. Kusi lilikuwa linavuma, mawimbi yanavunjika kwenye mwamba, na mbali kidogo meli zimetia nanga zinangoja zamu ya Kilindini, zimewasha taa zake. Nilikaa pale tangu magharibi, chai imepoa mkononi. Hata tangi juu ya kichwa nililisahau, ingawa pampu ikiwaka kitanda kinatetemeka. Na yule mama anayepika, Mungu amzidishie: mahamri yamevimba, yana iliki ya haki, na mbaazi za nazi nzito. Ukinishika wakati ule ningesema nyota tatu. Ningesema nne.

Ndipo taa ikazimika, na ndipo nikaulizwa kama mimi ni meli.

Sababu? Tokeni zimeisha. Kibanda cha juu kina mita yake peke yake, na bosi atatuma kesho. Kesho! Nikasema nipe namba ya mita nitanunua mwenyewe. Akasema bosi amekataza wageni kupewa namba ya mita. Mtu ananikataza kumlipia stima yake! Nilipandwa na hasira mpaka nikaanza kuhutubia, mimi na khanga yangu, saa nne za usiku. Nikamwambia watunza taa wa zamani walikuwa wakipanda ngazi usiku kucha kuvuta juu mizani, yale mazito yanayoshuka na kuuzungusha mtambo, ili lenzi isisimame, upepo uvume usivume, wao wenyewe wanaumwa hawaumwi, kwa sababu kuna mtu wasiyemjua yuko huko nje. Na taa haichagui, jahazi la boriti na meli ya mafuta zote zinaangaziwa sawa. Wewe, nikasema, unashindwa kunitajia namba?

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, safari hii ameinuka: "Na hao walikuwa wakilipwa, mamangu?"

Walikuwa wakilipwa. Yeye mwezi wa pili huu hajaona kitu.

Hapo hasira yangu ikahama nyumba. Naomba msomaji aelewe: jeuri yake bado ni jeuri, na hakuniomba radhi hadi naondoka. Lakini mtu hajalipwa mshahara, amewekwa usiku kulinda tangi lililopakwa rangi, halafu anakuja mama wa watu kumsomea historia ya mizani. Na mimi pale mlangoni nilishatozwa pesa ya hoteli. Zinaenda wapi?

Namba ya mita nikaipata. Nilinunua tokeni kwa simu yangu, tukaziingiza, taa ikarudi na harusi yake yote. Kijana akaitazama akasikitika. Akasema wavuvi wameilalamikia hiyo nyekundu mara nyingi, akiwemo babake. Nikavuta kiti. Kumbe ni mtoto wa mvuvi! Akanieleza wanavyopita mlango wa mwamba: hawatafuti taa, wanapatanisha vitu viwili vya nchi kavu, mnara wa msikiti uje sawa juu ya mbuyu fulani. Vikipatana, ingia. Vikianza kuachana, jua unaelekea kwenye mawe, na vilivyoachana upande gani ndivyo vinavyokwambia ugeuze wapi. Alinionyesha kwa chupa ya soda na kandambili yake. Jamani, hiyo ndiyo kanuni ileile ya taa mbili za kuongoza meli kwenye mlango wa bandari, ya mbele chini, ya nyuma juu, ukiziona zimesimama moja juu ya nyingine uko kwenye mkondo! Nimesoma mambo haya miaka, na aliyenifanya niyaone ni kijana wa zamu mwenye kandambili moja mguuni. Ziara hiyo peke yake ina thamani ya nyota tano, na mwenye nyumba hajui kama anaiuza.

Nikamuuliza kama kuna njia ya kuiacha nyeupe tu, isimweke, isibadilike. Rimoti iko kwa bosi. Akapanda, akachomoa waya mmoja, ikabaki nyeupe. Muda wote ilikuwa inawezekana! Nilitaka kumpiga na kumkumbatia. Taa nyeupe iliyotulia ufukweni haimwelekezi mtu popote, itaonekana ni taa ya nyumba kama nyumba nyingine, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuonekana. Tukaiacha mpaka asubuhi.

Sasa njooni kwenye diposti. Nimerudi nyumbani, siku zinapita, nakumbusha, madam leo, madam kesho. Mwishowe inaingia, na imepungua shilingi mia tano. Namuuliza, ananiandikia: matumizi ya stima kupita kiasi na kuharibu mfumo wa taa.

Tokeni nilinunua mimi. Ninao ujumbe. Ananikata pesa kwa kutumia stima yangu mwenyewe, kwenye mnara wake wa uongo, ambao ulikuwa umezimika kabla sijaugusa. Nimeomba risiti ya hiyo hasara, ujumbe umesomwa, kimya. Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu kwa ajili ya dirisha na kijana. Nimezifuta. Hizo mbili zilizopungua zimekatwa kwa matumizi kupita kiasi ya uvumilivu wangu.

Wanaotaka kwenda, ombeni chumba cha juu, msikubali cha chini, kina harufu ya rangi na pampu iko ukutani. Nendeni wakati ambapo mama wa mahamri yuko, maana siku ya kuondoka hakuwepo na tukapewa mkate wa dukani na chai ya rangi. Kijana mtakayemkuta kwenye kiti cha plastiki muulizeni habari za msikiti na mbuyu, na mumpe kitu mkononi mwake, siyo kwa simu ya bosi.

Na wewe mwenye nyumba: mlipe kijana. Waya niliuchomoa mimi, mimi na khanga yangu, andika hivyo na usimsumbue mtu. Mia tano yangu nirudishie. Zile taa za harusi zitoe, au angalau nyekundu na kijani, kabla hajaja mwenye mamlaka ya bahari akakuuliza swali ambalo mimi nimekuuliza kwa upole. Na siku ukichoka na huo mnara ukataka kuuuza, usiweke tangazo kabla hujanipigia. Tangi nitalihamisha.