Tathmini ya programu inayowakutanisha wanafunzi wa sheria na masponsa

Programu hii ya simu, inayowakutanisha wanafunzi wa sheria wa Nairobi na masponsa, yaani watu wenye uwezo walio tayari kuwagharamia ili wawe wapenzi wao, imebuniwa na mtu anayeijua shida yetu: baada ya shahada ya miaka 4 bado kuna karo ya Kenya School of Law, chuo cha kuwaandaa mawakili kule Karen, na miezi 6 ya mafunzo katika ofisi ya wakili, ambako wengi huambulia nauli tu.

Usajili ni rahisi, na vitambulisho hukaguliwa kwa dhati. Kinachoniudhi ni "makubaliano" ambayo wahusika hutakiwa kutia saini. Kifungu kimoja kinaahidi posho ya kila mwezi kupitia M-Pesa. Kingine kinamtaka mpokeaji arudishe fedha zote akijitoa. Yeyote aliyepita katika somo la mikataba anajua kwamba mahakama haitekelezi mapatano yanayokiuka maadili ya umma, kwa hiyo karatasi hiyo ni ya kutishia tu (na inatisha, hasa usiku wa manane). Wala posho hainunui ridhaa mbele ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006.

Nilipoomba taarifa zangu zifutwe, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyoniruhusu, nilijibiwa kwa tangazo la kifurushi cha bei ya juu zaidi.

Nyota 2 kati ya 5: moja ya ukaguzi wa vitambulisho, nyingine ya bwana mmoja mstaarabu aliyelipia chakula cha mchana Westlands akaondoka bila kudai lolote.