Cowboy Carter na F-1 Trillion: wageni wawili mlangoni Nashville

Mwaka 2024 wasanii wawili waliopata umaarufu nje ya muziki wa kantri walibisha hodi Nashville, mji ulio kitovu cha muziki huo nchini Marekani, na hawakupokewa kwa namna moja. Beyoncé alitoa Cowboy Carter mwezi Machi. Post Malone akafuata na F-1 Trillion mwezi Agosti, akiwa amewashirikisha magwiji wa fani hiyo, wakiwamo Tim McGraw na Blake Shelton.

Albamu ya Post Malone husikilizika kwa urahisi zaidi, kwani kila kitu kimekaa mahali pake, kama mgeni aliyeleta zawadi ambazo mwenyeji amekwisha kuzizoea. Ya Beyoncé, yenye vipande 27, ni ndefu kupita kiasi, na vile vifupi kadhaa ningeviondoa bila kusita, lakini ina hoja. Banjo ya Rhiannon Giddens inayofungua Texas Hold 'Em inamkumbusha msikilizaji kwamba chombo hicho kina asili ya Kiafrika, na sauti ya Linda Martell, mwanamke mweusi aliyeimba Grand Ole Opry, jukwaa mashuhuri la kantri mjini Nashville, mwaka 1969, haikuwekwa humo kuwa pambo.

Katika tuzo za CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, za mwaka 2024, Post Malone aliteuliwa mara nne. Beyoncé hakuteuliwa hata mara moja. Februari 2025, Grammy ziliipa Cowboy Carter tuzo ya albamu bora ya mwaka, pamoja na ile ya albamu bora ya kantri, ambayo F-1 Trillion nayo iliiwania. Uteuzi wa Post Malone haunishangazi. Kisichoweza kutetewa ni ile sufuri ya mwenzake.