Kijitabu cha "miujiza ya sayansi" cha elfu tano: picha kali, maelezo nusunusu

Wadau, hiki kijitabu nadhani wengi mshakiona, vinauzwa Ijumaa nje ya msikiti kwenye zile meza za miswaki na udi, jalada lina picha ya sayari na mtoto tumboni, elfu tano, ndani kinadai sayansi ya leo ilishatajwa kwenye Qur'ani. Kuchapa wamechapa vizuri, karatasi inang'aa, herufi kubwa hata mzee anasoma bila miwani. Na kabla hamjanirukia, Qur'ani naiamini kabisa, hapa naongelea kijitabu.

Sura ya mimba ndo wamejitahidi, wamechukua Al-Muuminun aya 12 mpaka 14 wakapanga na picha hatua kwa hatua, afu wakamleta Keith Moore, profesa wa anatomia wa Toronto, ambae kweli kitabu chake cha mambo ya mimba kilitoka na toleo lenye nyongeza za Kiislamu mwaka 1983. Poa. Ila hakuna mahali wamesema kwamba Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, nae alishaigawa mimba kwa hatua, wala kwamba mifupa na misuli inaanza kujengeka karibu wakati mmoja, wakati aya inataja mifupa kisha nyama. Sasa ukutane na mtu aliyesoma, wewe umebeba hiki tu, unaumbuka mchana kweupe.

Firauni ndo nilichoka. Wanasema Firauni wa Nabii Musa ni Ramses wa Pili, mfalme wa Misri ya kale. Maiti yake kupelekwa Paris mwaka 1976 ni kweli, ilikua inaliwa na ukungu ikabidi waipige miale ya gama kuua huo ukungu. Kijitabu kinasema madaktari wakakuta chumvi mwilini kwahiyo huyu alizama baharini, jamani, maiti za wafalme wa Misri zilikua zinakaushwa na magadi yao ya natroni, hiyo ni chumvi, ukikuta mumia haina chumvi hapo ndo ushangae! Na Maurice Bucaille, daktari Mfaransa wanaemtaja kila ukurasa, yeye mwenyewe alisema aliyezama ni Merneptah, mtoto wa Ramses. Shahidi wao anawakana na hawana habari.

Kwenye chuma wanasema Suratul Hadid (yaani sura ya Chuma) ni ya 57 na kuna aina ya atomu za chuma yenye namba ya uzito 57. Ipo kweli, ila chuma thabiti kina aina nne, 54, 56, 57 na 58, na zaidi ya asilimia 90 ya chuma chote ni hiyo 56. Kama ni mchezo wa namba hivyo mbona hata mimi naweza.

Kutanuka kwa ulimwengu wamemtaja Hubble, mwanaanga wa Marekani, na 1929 basi, wakati Georges Lemaître, mwanafizikia wa Ubelgiji, alishaandika 1927, na huyo alikua padri, na Papa Pius wa 12 alipotaka mwaka 1951 kuifanya nadharia yake ya mwanzo wa ulimwengu iwe ushahidi wa uumbaji, Lemaître hakufurahia hata kidogo, alitaka sayansi isimame kivyake. Hicho kisa nilitamani kukiona humu.

Ibn al-Haytham aliyekaa akapima mwanga mwenyewe kapewa nusu ukurasa, Ibn al-Nafis aliyeeleza damu inavyopita kwenye mapafu karne ya 13 hata hayupo. Waislamu waliofanya kazi yenyewe!

Nyota mbili kati ya tano, zote za picha. Muuzaji anasema juzuu ya pili iko njiani, ya mashimo meusi, mi sinunui mpaka nione wameweka marejeo nyuma.