RAID 5 imegoma baada ya umeme kukatika: kuilazimisha au kunakili kwanza?
Umeme ukikatika na kurudi mara mbili tatu, RAID 5 (diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, zikivumilia kupotea kwa diski moja tu) ya diski nne inaweza kupoteza diski mbili kwa mpigo, na hapo haiwaki tena.

Kuilazimisha iwake kwa `mdadm --assemble --force` (mdadm ni programu ya Linux ya kusimamia RAID) ni kazi ya dakika chache. Kwanza tazama mstari wa Events, yaani hesabu ya mabadiliko ambayo kila diski imeyarekodi, kwa `mdadm --examine`: diski moja ikionyesha 48210 na nyingine 48207, tofauti ni ndogo, mara nyingi data hurudi karibu yote. Lakini diski ikisikika inagonga-gonga, usithubutu, itakufia katikati.

Kunakili kila diski kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, kunakula saa nyingi na diski tupu za kutosha. Ni ghali, ila ukiharibu nakala unapojaribu kuilazimisha, diski ya asili ipo. Kwa picha za harusi za wateja nachagua hii bila kusita. Na `--create`, amri ya mdadm ya kuunda RAID mpya, tafadhali, usiiguse.