Mashine ya kung'arishia mawe nyumbani: ipi ununue ukiwa Uganda

Kabla hujatoa shilingi mfukoni, lijue jiwe lako. Marumaru, kama ile inayochimbwa Moroto kule Karamoja, ni laini: kisu cha jikoni kinaikwaruza, na kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini, iko 3. Kwatzi, jiwe gumu linalofanana na kioo, iko 7, kisu hakiifanyi kitu. Mwenye marumaru peke yake anaweza kuanza bila mashine: msasa wa maji namba 220, 400, 600, 1200 hadi 2000, beseni, na jioni mbili tatu za uvumilivu. Mashine ni ya mwenye kwatzi, au anayetaka kufikia mashimo na kona ambazo kidole hakifiki.

Namba moja kwangu ni mota ya kuning'iniza, ile ya masonara. Mota inatundikwa kwenye ndoano juu ya meza, mkononi unashika kishikio chembamba kilichounganishwa nayo kwa mpira mrefu unaopinda, na kasi unaiongoza kwa mguu kama cherehani. Naitanguliza kwa sababu ya maji. Almasi kwenye biti nyingi, yaani ncha za kusagia, imegandishwa kwa nikeli. Ukisaga pakavu inapata joto, inachomoka, na biti imekwisha. Kwa hiyo jiwe lazima lilowe, na hapa tunatumia umeme wa volti 240. Mota ikiwa juu, matone hayaifikii. Tena inazunguka polepole bila kulegea, na kung'arisha kunataka polepole.

Ya pili ni ya kushika mkononi yenye waya, mfano Dremel 4000. Ina wati 175 na inaanzia mizunguko 5,000 kwa dakika hadi 35,000. Unachonunua hapo ni ile 5,000. Dremel 3000 ya umeme wetu inaanzia 10,000, na kwa kasi hiyo gurudumu la felti, kile kitambaa kigumu cha kung'arishia, linakurushia unga wote wa kung'arishia usoni. Usichovye jiwe na mashine pamoja: weka sifongo lililolowa chini ya jiwe, dondoshea maji kidogo kidogo, na chomeka kwenye saketi yenye swichi inayokata umeme ukivuja. Ukiletewa na ndugu aliye Marekani, soma kibandiko kwanza. Ikiwa imeandikwa 120V, ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu itaungua.

Ya tatu ni ya betri. Kwa maji ni salama zaidi kuliko yenye waya, na umeme ukikatika unaendelea na kazi. Kwa marumaru inatosha. Kwa kwatzi utakuwa unasubiri chaji kuliko kusaga.

Ya nne, na ya mwisho, ni zile za bei ya chini zinazouzwa na kisanduku cha vipande mia. Vingi vya vipande hivyo ni vya mbao na chuma. Kwenye kwatzi msasa wake unaisha upesi mno. Niliwahi kununua moja, bearingi ikaanza kulia mapema na ncha ikawa inayumba, ikaniachia mikwaruzo ambayo msasa ulikataa kuifuta. Kama ndiyo uwezo wako, omba muuzaji aiwashe palepale dukani. Ukiona ncha kama ziko mbili, irudishe.

Grainda ya mafundi wa vyuma usinunue kwa kazi hii. Kokoto ndogo itakuponyoka, na kidole kiko karibu.

Pesa inayobaki iweke kwenye biti za almasi. Pima mashina yake: mashine nyingi hushika milimita 3.2, biti za masonara na za meno mara nyingi ni 2.35, hivyo ulizia koleti, kile kibano kinachoshika shina la biti, ya kila saizi. Kwa mng'aro wa mwisho wa kwatzi tafuta oksidi ya seri (cerium oxide), unga wanaotumia mafundi wa vioo kuondoa mikwaruzo. Marumaru usiisafishe kwa limau wala siki, asidi inaila.

Halafu barakoa, ya N95 au zaidi, si kitambaa. Vumbi la kwatzi ni silika, na kovu linaloacha kwenye mapafu haliponi. Saga pakiwa na maji, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, na tope lake lifute likiwa bado bichi.

Ukimaliza kila namba ya msasa, kausha jiwe kabisa kabla ya kupanda namba. Jiwe lililolowa linang'aa lote na kuficha mikwaruzo. Likikauka ndipo utaiona.