Noah yangu na fundi aliyekuwa akimtafuta mwenye gari

Nilijizuia kuandika haya nikingoja hasira zishuke. Hazikushuka, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Nina Toyota Noah, ile ya kale, Town Ace Noah, yenye injini chini ya viti vya mbele na namba ya KA ambayo vijana wa siku hizi wakiiona wanacheka. Sifa zake mtazitafuta wenyewe. Mimi nasema lile ambalo halijaandikwa popote: viti vya nyuma vikikunjwa, sufuria la biriani la kilo ishirini za mchele linakaa wima, la rojo linakaa ubavuni mwake, masinia yanapangwa nyuma, na bado wasaidizi wangu wawili wanapata pa kukaa bila mabuibui yao kushika masizi. Kazi yangu ni kupikia watu harusi hapa Malindi, kuanzia Shella mpaka Gede na ng'ambo ya Sabaki, na sijaona gari jingine la pesa zile linalobeba hivyo. Joto la injini linapanda mpaka kitini, ni kweli. Ukifika Watamu mchana wa kaskazi unajua vizuri umekalia nini. Nimezoea, mie kazi yangu ni moto.

Kwa hiyo mtu asinifahamu vibaya. Gari hili nalipenda. Kuna siku nalichukia, na karibuni siku hizo zimezidi, lakini ngojeni kwanza.

Ilikuwa kabla ya Ramadhani, katika lile joto ambalo hata kunguru wanatafuta kivuli. Mshale wa joto ukawa unapanda kidogo kila nikikwama kwenye msongamano wa sokoni, nikianza kwenda unashuka. Mwenye Noah hii hangoji mshale ufike juu. Hedi ya injini, yaani kichwa chake cha juu, ni ya aluminiamu. Ikichemka inapinda, gasketi inayoiziba inaungua, na hapo unajikuta unaongea na watu wa kuskimu hedi, kuichonga inyooke tena, huku pesa zako za msimu zinakwenda. Wenye ile ya dizeli, ya injini ya 3C, ndio wenye msiba hasa, kwani hedi zake zinajulikana kwa kupasuka. Yangu ni ya petroli, ina subira zaidi. Nikasema niiwahi mapema.

Nikaelekezwa gereji moja. Jina silitaji. Ina ubao mkubwa, ovaroli za rangi moja, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na benchi la kungojea lenye televisheni. Nikajiambia, leo nimefika kwa watu wanaojua kazi.

Akatoka fundi mkuu, shavu limetuna majani ya muguka anayotafuna. Makamo yake ni ya mwanangu wa pili. Shikamoo sikuidai, lakini hata habari hakuniuliza.

"Mwenye gari yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Nauliza mwenye gari, mama. Baba. Mpigie nizungumze naye."

Mume wangu, Mungu amuweke, ni mwalimu wa kusoma na kuandika. Leseni hana. Ukimuuliza rejeta, kile chombo cha kupozea maji ya injini, iko wapi atakuuliza kwanza ni kitu gani. Nikamwambia fundi kwamba baba hana habari na gari hili, nilinunua mimi, naliendesha mimi, na petroli natia mimi. Akacheka kidogo, kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka damu inanipanda: akamgeukia mpwa wangu. Kijana wa kidato cha pili! Nilikuwa nimemchukua anisaidie kubeba masinia tuliyoyaazima. Akamshika bega, akampeleka mbele ya gari, akaanza kumweleza habari za feni, rejeta na thamostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwa joto, na mtoto wa watu anaitikia "sawa, sawa" huku macho yako kwenye simu. Mimi nimesimama nyuma yao na mkoba wangu wenye pesa watakazolipwa.

Nikauliza maji wanayotia ni ya wapi. Nikauliza feni imeangaliwa au la. Maswali ya kawaida. Jibu alilonipa ni hili, kwa sauti ya kila mtu aliyekaa kwenye benchi kusikia: "Mama, wewe shughulika na jikoni. Haya tuachie sisi."

Angejua! Jikoni ndiko kulikolinunua gari alilolishika. Jikoni ndiko kutakakomlipa mchana huo. Lakini nilinyamaza, kwa sababu gari lilikuwa limeshafunguliwa viti viko chini, na mtu akishalifungua gari lako huna ubavu wa kugombana naye.

Nikalipa. Risiti ikaandikwa "kazi ya thamostati", elfu tatu na mia tano. Iwekeni akilini hiyo.

Siku za mwanzo mjini gari lilikwenda vizuri. Mshale ukawa chini kabisa, chini kuliko ulivyozoea kukaa, na petroli nikaona inaisha upesi. Nikadhani ni safari zimezidi.

Kisha ikaja harusi ya Mambrui. Tumepakia tangu asubuhi, gari limeelemewa, tumevuka daraja la Sabaki, hatujaenda mbali, mshale ukaondoka mahali pake ukaenda juu moja kwa moja. Mvuke ukatoka chini ya kiti cha msaidizi wangu. Yule dada alipiga shahada. Nikazima, nikaliacha liteleze mpaka pembeni kwenye mchanga, tukashuka sote tukasimama juani na biriani ya watu.

Mnajua biriani yetu wali ni mbali na rojo ni mbali. Wali unavumilia safari yoyote. Rojo halivumilii tuktuk. Tulisimamisha mbili, moja ikachukua wali, moja rojo, na ile ya rojo dereva wake alikuwa na haraka ya kwake mwenyewe. Tulipofika, wageni wa kiumeni walishanawa mikono. Wamekaa kwenye mikeka, mikono mitupu, wanatutazama. Robo ya rojo ilikuwa kwenye sakafu ya tuktuk na robo nyingine kwenye dera la msaidizi wangu. Mama wa bi harusi hakusema neno. Afadhali angesema.

Jioni gari lilivutwa kwa kamba mpaka Maweni, kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni kivuli cha muarubaini. Ubao hana, benchi hana, televisheni ndiyo kabisa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Haya mwanangu, gari lako lina nini?" Gari lako. Nilitaka kukaa chini nilie.

Hakugusa kifuniko cha rejeta mpaka injini ikapoa kabisa. Akachovya kidole, akakigusisha ulimini, akatema. "Haya ya kisima." Kila mtu wa Malindi anajua maji ya visima vyetu yana chumvi, maji ya bomba kutoka Baricho yakikatika ndiyo tunayofulia. Kwenye rejeta chumvi ile inakula aluminiamu na kuacha ukoko ndani ya vijia vya maji. Gereji ile yenye ovaroli za rangi moja ilishindwa kununua kulanti, maji maalumu ya rejeta, ikachota kisimani.

Kisha akafungua nyumba ya thamostati, akanichungulisha. Tupu. Hakuna kitu.

Nikampigia fundi mkuu pale pale. Alijibu bila wasiwasi: "Hiyo tuliitoa, mama. Huku Malindi ina kazi gani? Hiyo ni kitu ya nchi za baridi."

Yaani nimelipa elfu tatu na mia tano kwa kazi ya thamostati, na kazi yenyewe ilikuwa ni kuiondoa.

Mzee akanieleza, akinitazama mimi usoni. Watu wanafikiri thamostati ni kizibo tu, ukikitoa maji yanapita kwa wingi na injini inapoa zaidi. Lakini hii ya Toyota yangu ina mguu chini. Inapofungua njia ya kwenda rejeta, mguu ule unaziba njia ya mkato ambayo maji hupita kurudi kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kufika kwenye rejeta. Mjini, gari tupu, hutajua. Ukipakia sufuria ukashika barabara ya Mambrui, utajua. Na asubuhi injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado baridi, inazidi kumimina petroli. Ndiyo petroli yangu hiyo.

Halafu, kwa Noah hii, rejeta iko mbele na injini iko nyuma yake chini ya viti, paipu ndefu zinapita chini. Hewa ikinaswa humo inakaa. Wale hawakuitoa.

Sasa sikieni raha yangu, maana katika msiba huu wote nilipata moja. Mzee alikuwa na thamostati mbili, moja mpya ya bei rahisi na moja ya mtumba iliyotoka Japani. Akasema tuzijaribu. Akahitaji sufuria na moto. Nani ana sufuria na moto? Tukazining'iniza kwa uzi ndani ya maji jikoni kwangu, na kipimajoto changu cha kupimia shira. Ile ya mtumba ina namba 82 imepigwa juu ya bati lake, na maji yalipofika hapo karibu na 82 ikaanza kufunguka polepole, nta iliyo ndani imetanuka inasukuma. Nzuri kutazama, wallahi. Ile mpya maji yalitokota mpaka povu, imefunga kimya. Mpya, ndani ya boksi lake! Tukafunga mtumba.

Kutoa hewa ndiko kulikotuchekesha. Malindi ni tambarare, kwa hiyo magurudumu ya mbele yalipandishwa juu ya mawe ya matumbawe ili pua ya gari iwe juu, kifuniko cha rejeta wazi, injini inanguruma, na hita imewashwa mpaka mwisho. Hita, Malindi, saa saba za mchana. Mpwa wangu alikimbia. Mzee na mimi tulikaa tukitazama mapovu mpaka yakaisha, akiongeza kulanti kidogo kidogo.

Tangu hapo mshale unakaa chini kidogo ya katikati hauondoki, mjini na safarini. Hedi ilinusurika. Nilizima mapema, na injini zile za petroli ni ngumu. Siku ile ya Mambrui niliapa kuliuza hata kwa bei ya chuma chakavu. Sasa mtu akinitajia kuliuza namwona adui.

Je, gereji ile haina jema? Haki niseme: mlango wa kuburuta uliokuwa unagoma kwa kutu ya hewa ya bahari waliusafisha vigurudumu wakautia grisi bila kudai kitu, na mpaka leo unateleza kwa kidole kimoja. Na mashine yao ya kompyuta si mapambo, inasoma kweli. Kwa gari jipya huenda... Hapana. Mtu anayechomoa kifaa kizima cha gari lako bila kukuambia, kwa sababu ameamua wewe si wa kuambiwa, usimpe hata baiskeli. Laiti angeniambia "mama, natoa hii", ningemuuliza kwa nini, na pengine rojo la watu lingefika. Hakuniambia kwa sababu aliyemwambia ni mtoto wa kidato cha pili, na mtoto alikuwa anatazama mpira kwenye simu.

Na mzee wa Maweni naye msidhani ni malaika. Simu yake inazimwa anapotaka. Spea unafuata mwenyewe Mombasa, au unangoja kifurushi cha basi kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Ameshaniambia pampu ya maji imeanza kutoa jasho, na kwa injini hii pampu inazungushwa na belti ya taimingi, ile inayopangia vali za injini zamu zake, kwa hiyo ukifungua kimoja unabadilisha vyote viwili. Vyote nimeshamletea. "Kesho, inshallah," anasema, na hiyo kesho naingoja tangu kabla ya Idd. Faraja yangu ni kwamba injini hii belti ikikatika haivunji vali. Unasimama tu njiani. Lakini kusimama njiani nimeshakujua kulivyo, na kuna harusi Gongoni mwezi huu.

Kuhusu pesa zangu. Nilirudi kwenye ile gereji na risiti mkononi, nikasomesha "kazi ya thamostati" mbele ya wote waliokaa kwenye benchi, nikauliza thamostati yenyewe iko wapi. Fundi mkuu akasema imetupwa. Mwenye gereji, mtu mzima, aliona haya, akakubali nirudishiwe elfu mbili mwisho wa wiki. Wiki ikaisha, na nyingine. Nilipompigia simu fundi mkuu akasema pesa ziko tayari, nimtume yule kijana azifuate.

Nitakwenda mwenyewe.