Okidi za Dukani: Soma Lebo Kabla Hujalitazama Ua

Nina okidi tatu dirishani ambazo naamini ni okidi moja. Ya kwanza niliipendea madoa. Ya pili niliichukua kwa muuzaji mwingine, wakati ya kwanza ilishapukutisha maua na mimi nimeshaisahau sura. Ya tatu nililaghaiwa na kadi iliyochomekwa chunguni, yenye jina tamu kama la chupa ya manukato. Msimu huu zimechanua pamoja. Nikachukua lenzi nikazikagua moja moja: mdomo uleule (ile petali ya katikati, chini), kiuvimbe kilekile cha njano kilichonyunyiziwa vidoti vyekundu, ncha ileile yenye vindevu viwili vilivyojikunja. Nimelipa mara tatu kwa mmea mmoja.

Na siwezi hata kulalamika, maana hakuna hata moja yenye jina halisi. Kwa okidi chotara sura si ushahidi. Rejista ya Royal Horticultural Society ya Uingereza, inayotunza machotara haya tangu 1961, ina majina zaidi ya laki moja, na mengi yanafanana kama vifaranga. Lebo ikipotea imepotea. Mtaalamu atakwambia hii ni Phalaenopsis, aina ile ya okidi inayouzwa sana madukani, pengine atakisia damu ya babu yake, lakini jina hakupi.

Kwa hiyo humu sitakwambia uangalie majani mabichi na mizizi minono. Hayo umeshayasikia. Mimi naangalia kipande cha plastiki kilichochomekwa ubavuni mwa chungu.

Lebo ya kweli husomeka hivi: Phalaenopsis Sogo Yukidian 'V3'. Neno la kwanza ni jenasi, yaani kundi la mimea iliyo jamaa. Yanayofuata ni jina la uzao, yaani watoto wote wa baba na mama wale. Kilicho ndani ya alama za kunukuu ni mmea mmoja mahususi uliochaguliwa miongoni mwa ndugu zake na kunakiliwa maabara. Ukikuta majina mawili yametenganishwa kwa alama ya ×, hao ni wazazi, mama akitangulia. Si jina kamili, lakini ni bora mara mia kuliko "Okidi Mchanganyiko". Hata chungu kisicho na lebo, kama kimetoka kwenye vitalu vya Ulaya, kipindue: mara nyingi kina kistika chenye bendera ya Umoja wa Ulaya na herufi A mpaka D. Penye A pameandikwa jina la mmea, japo mara nyingi ni jenasi tu.

Sasa mpangilio wangu wa okidi za kununua, kwa kigezo hichohicho cha jina.

Nafasi ya kwanza nawapa Sogo, wazalishaji wa okidi wa Taiwan, na sikulipwa kusema hivi. Phalaenopsis zao nyingi zimesajiliwa kwa majina yanayoanza na Sogo, kwa hiyo ukifungua rejista mtandaoni, bure, unawapata wazazi papo hapo. Hiyo Sogo Yukidian, kwa mfano, ni mtoto wa Yukimai na Taisuco Kochdian, na 'V3' ndiyo ile nyeupe kubwa yenye maua yaliyopangika kwenye shina kama shanga uzini. Watu wanasema nyeupe ni ya kawaida mno. Ni ya kawaida kwa sababu wanainunua bila jina! Ikiwa na lebo ni V3, unaweza kuifuatilia ukoo. Ikivuliwa lebo ni okidi nyeupe basi, kama nyeupe nyingine zote. Ningekuwa na nafasi ya chungu kimoja tu, ningechukua Sogo.

Ya pili ni Oncidium Sharry Baby, iliyosajiliwa 1983, hasa ile 'Sweet Fragrance'. Hii hujitambulisha yenyewe puani: maua madogo ya rangi ya damu ya mzee yenye mdomo uliochanganyika na weupe, na harufu ya chokoleti inayojaza chumba. Wauzaji nao hulibakiza jina kwenye lebo, maana jina ndilo linalouza. Majani yake hupenda kuota vidoti vyeusi. Usiikatae kwa hilo. Lakini harufu peke yake isikufanye uapie, ziko nyingine zinazonukia hivyohivyo.

Paphiopedilum, zile zenye mdomo kama kiatu cha ndara, nimeziweka ya tatu kwa sababu ya machungu yangu. Ni ngumu kunakiliwa maabara, kwa hiyo nyingi zinazouzwa zimeoteshwa kwa mbegu na kila mmoja ana sura yake. Huko huuziwi pacha. Kwenye okidi nyingine, tangu Mfaransa Georges Morel aonyeshe mwaka 1960 kwamba Cymbidium, jenasi nyingine ya okidi, inaweza kuzalishwa kutoka kwenye ncha ya chipukizi, mmea mmoja hutoa nakala maelfu kwa maelfu, na kila mfanyabiashara akazibandika jina lake la kutunga. Ndivyo nilivyopigwa mimi.

Inayofuata ni "Cambria", na hapa naomba mnivumilie. Cambria ni jina la uzao mmoja, uliosajiliwa 1931 kama Vuylstekeara Cambria. Leo neno hilo linabandikwa kwenye kila chotara la ukoo wa Oncidium, jekundu, la njano, la zambarau, la mabakabaka. Ni sawa na kuwaita watoto wa mtaa mzima Juma kwa sababu yuko Juma mmoja. Mimea yenyewe ni mizuri, sina ugomvi nayo. Ila ukiona lebo imeandikwa Cambria tu, hesabu kwamba haina lebo.

Dendrobium, jenasi nyingine, nazipitia haraka. Maua yakitoka kwenye vifundo vya ubavuni mwa shina, ni kundi la nobile. Yakitoka kwa shada kileleni, ni kundi la phalaenopsis (jina tu, si ile jenasi ya Phalaenopsis). Ukijua hilo tu umeshawazidi wauzaji wengi.

Za bei ya chini, vile vidogo vya mezani na zilizomaliza maua: haya, nunua kama pambo. Ya buluu iliyokolea ni danganya toto. Kagua shina la maua, utakuta kitundu walichopitishia rangi, kimezibwa. Maua yajayo yatatoka meupe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jina mara nyingi lilikuwepo. Mkulima ameliandika, limesafiri na chungu, halafu dukani mtu analichomoa ili apate pa kubandika bei, au anakizungushia chungu karatasi ya kumetameta na kutia utepe, na kwa huo utepe anaongeza bei! Nilipomuuliza muuzaji mmoja jina la okidi yake alinitazama kama niliyemuuliza jina la kuku. "Ni okidi, dada." Akaongeza kwamba ikifa nitarudi kuchukua nyingine.

Ukiipata yenye lebo, piga picha hapohapo dukani, ua na lebo pamoja. Nyumbani andika lebo ya pili kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa jua huufuta wino na penseli hubaki. Ichomeke ndani ya magome ya mti yaliyomo chunguni mpaka izame, ili mtoto au paka asiing'oe.

Zile tatu zangu nazo nimeziandikia, kwa penseli: Sijui 1, Sijui 2, Sijui 3. Sijui 2 natafuta wa kumpa.